Ngozi haipandi rufaa: kesi ya ng'ombe 11 wa babu

Ng'ombe walikuwa 11. Msomaji aishike hiyo namba, maana kesi nzima ilikuja kuangukia hapo.

Nimefanya kazi ya mahakama miaka thelathini na ushee, nikianzia ukarani wa masijala na kuishia uhakimu wa mahakama ya mwanzo, karibu muda wote Dodoma mjini na wilaya zinazoizunguka. Nimesikiliza talaka, mirathi, mipaka ya mashamba, madeni ya zabibu. Kesi niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, hata hivyo, sikuisikiliza mimi. Ni ya babu yangu mzaa baba. Ilisikilizwa mwaka 1948, nami sijazaliwa. Kilichobaki ni karatasi tatu ambazo baba alizitunza kwenye kopo la bati: stakabadhi ya ada, nakala ya hukumu ya baraza la mtemi ambayo mgongoni ina uamuzi wa rufaa kwa wino mwekundu, na barua ya bomani ya mistari minne. Mengine nimeyapata kwa baba mwenyewe, aliyekuwepo siku ile akiwa kijana wa miaka kumi na miwili, amebeba kibuyu cha maji cha mzee wake. Baraza lenyewe, wilaya na watu siwataji. Wajukuu wa pande zote tupo, na tukikutana mnadani tunapeana Mbukwenyi, salamu yetu Wagogo, kama kawaida.

Naiandika kwa sababu vijana wa sheria wanaokuja mazoezini hudhani habari ya kurahisisha mwenendo wa mashauri ya madai ni ya juzi. Ilikuwepo. Babu alipita katikati yake.

Kisa

Mwaka 1943 mvua ilikataa. Tanganyika nzima ilipungukiwa chakula mwaka ule, na Ugogo ndiko ambako hata mwaka mzuri uwele unabembelezwa. Babu hakutaka mifugo yake yote ifie zizi moja, akafanya kama walivyofanya wazee wake: akaigawa. Ng'ombe 11 akawaweka kwa rafiki yake aliyekaa karibu na mbuga yenye maji, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu.

Kuwekesha ng'ombe kwetu hakukuhitaji karatasi. Anayefuga anakunywa maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, ngozi inarudi kwa mwenyewe pamoja na habari za kifo chake. Ngozi ndiyo risiti. Na kwenye ngozi kuna masikio, na kwenye sikio kuna mkato wa ukoo. Wa babu ulikuwa pengo moja, mfano wa pembe tatu, upande wa chini wa sikio la kushoto.

Mwaka 1948 akaenda kuchukua mali yake. Rafiki akamtolea ng'ombe wanne na ngozi tatu. Wanne wengine, alisema, aliwauza mnadani wakati wa shida, kwa ruhusa ya babu aliyoituma kwa mdomo. Nne, tatu, nne: kumi na moja. Hesabu imefunga.

Babu alikubali ngozi mbili. Ya tatu sikio la kushoto lilikuwa zima, la kulia ndilo limechanwa. Haikuwa ya ng'ombe wake. Ruhusa ya kuuza hakutoa. Tena zizini aliona jike la tano lenye mkato wake, na ndama watatu wananyonya kwa majike yake mchana kweupe. Wakashindwana maneno, wakaenda barazani.

Kesi ilikwisha siku moja. Hapo baba alikuwa akiisimulia kwa mikono. Mtemi na wazee wake walikaa kivulini, ngozi zikatandazwa chini, mzee mmoja akachuchumaa akapitisha kidole kwenye pengo la sikio la ngozi ya kwanza, kisha ya pili. Alipofika ya tatu akaigeuza, akatafuta sikio la kushoto, akalinyoosha kwa vidole viwili, akamtazama mdaiwa. Hakumwuliza kitu. Mdaiwa naye akatazama chini. Tarishi akatumwa zizini kuhesabu, akarudi jua likielekea kuzama. Hukumu ikatolewa: mdaiwa arudishe ng'ombe 5 na ndama 3, na wale 4 waliouzwa awalipe.

Tano na nne ni tisa, na mbili zilizokufa kweli ni kumi na moja. Baraza lilihesabu sawasawa.

Karani hakuandika hivyo. Nusu ukurasa wa Kiswahili safi, mwandiko mzuri kabisa, wa mtu aliyesoma misheni. Ameandika majina, ada iliyolipwa, madai, majibu. Halafu ameandika kwamba ngozi tatu zimeletwa na zimeonekana. Halafu amri. Habari ya sikio haimo. Kwamba baraza liliikataa ngozi ya tatu, haimo. Wote waliokuwa pale walikuwa wameona, na yeye aliona. Aandike nini tena?

Mdaiwa akakata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya. Miezi kadhaa baadaye nakala ikarudi na wino mwekundu mgongoni. Bwana Shauri alijumlisha: ngozi tatu, watano wa kurudishwa, wanne waliouzwa. Kumi na wawili. Mdai mwenyewe anadai aliweka 11. Kwa hiyo baraza halikuweza kuhesabu. Mdaiwa arudishe 4. Kuhusu waliouzwa, mnunuzi si mwenyeji, na baraza la wenyeji halina mamlaka juu yake. Mdai akitaka afungue shauri katika mahakama ya wilaya. Ndama hawakutajwa kabisa, kana kwamba walizaliwa baada ya hukumu.

Babu hakukaa. Alimtafuta mwandishi wa barua aliyekuwa na meza yake nje ya posta, akamlipa, ikaandikwa hati ya madai dhidi ya mfanyabiashara aliyenunua wale wanne. Jibu ndilo ile barua ya mistari minne: hati imekataliwa kwa kuwa haionyeshi sababu ya madai wala thamani ya kinachodaiwa.

Aliyesaini barua ile na aliyeandika kwa wino mwekundu ni mtu mmoja. Saini ni ile ile.

Nyumba moja, milango miwili

Ili kuelewa jinsi mtu mmoja alivyomkatalia babu mara mbili kwa sheria mbili tofauti, lazima turudi 1920. Tanganyika kwenye karatasi haikuwa koloni, ilikuwa nchi ya dhamana ambayo Mwingereza alikabidhiwa baada ya Mjerumani kushindwa vita. Mahakamani tofauti hiyo huioni. Kwa Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1920 ikaletwa sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo, na kwa sheria nyingine ya 1920 zikaletwa sheria za India. Miongoni mwake ni Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya 1908. Ndiyo iliyotawala mashauri ya madai katika Mahakama Kuu na mahakama zilizo chini yake: hati ya madai, majibu ya maandishi, hati ya wito, kukazia hukumu, kila kitu na kanuni yake na namba yake. Ilitungwa kwa ajili ya nchi yenye mawakili wengi na waandishi wa hati kila mji. Ililetwa huku kama koti lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Na waliojua kwamba koti halitoshi walikuwa hao hao walioleta. Katika Amri ile ile ya 1920, kifungu cha 24, kimewekwa kwamba kila mahakama, katika shauri ambalo mwenyeji ni mhusika, ifuate sheria za wenyeji pale zinapofaa na zisipopingana na haki na maadili, na iamue kwa kutazama haki yenyewe bila kujali kupita kiasi ufundi wa taratibu, na bila kuchelewesha bila sababu. Nikisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya vijana, huwa wanadhani nawasomea Katiba, ibara ya 107A. Nawaacha kidogo wabishane.

Kisha akaja Gavana Donald Cameron mwaka 1925, ametoka Nigeria, na utawala wa kupitia watemi umo kwenye mizigo yake. Mwaka 1926 ikatoka sheria ya mamlaka za wenyeji, na mwaka 1929 sheria ya mahakama za wenyeji. Hii ya 1929 ndiyo ninayoiita mageuzi ya mwenendo, ingawa vitabuni utaikuta chini ya siasa. Iliyaondoa mabaraza ya watemi kwenye uangalizi wa Mahakama Kuu. Rufaa sasa ikapanda ngazi ya utawala: kutoka barazani kwenda kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa jimbo, mwisho kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Lugha ya kumbukumbu ilikuwa Kiswahili, madai yalisemwa kwa mdomo, na ushahidi ulipokewa kwa namna ambayo watu wa pale waliijua.

Majaji hawakufurahi. Utawala ulijibu kwamba mwenyeji anataka shauri lake liishe, hataki mchezo wa kanuni. Wote wawili walikuwa na hoja, na hapo ndipo kesi ya babu inapotupa faida: inaonyesha ni sehemu gani ya kila hoja ilikuwa kweli.

Ngozi ya tatu

Tazama ngazi ya kwanza peke yake. Siku moja, lugha ya wahusika, ushahidi umewekwa chini watu wameugusa, wanaohukumu wanajua maana ya sikio lililokatwa. Nimekaa kitini miaka mingi na sijawahi kusikiliza shauri la mifugo kwa ubora ule. Mahakama ya wilaya chini ya kanuni za India ingeanza kuuliza ngozi ni kielelezo namba ngapi, nani ameitunza tangu lini, na mzee yule aliyeingiza kidole kwenye pengo angehitajika kuapa kama mtaalamu. Kwa hiyo aliyesema mwenendo wa barazani uliwafaa watu hakusema uongo.

Ila mwenendo wa kusema na kuonyesha una tabia moja: unaishia pale ulipofanyika. Ngozi haipandi rufaa. Kinachopanda ni karatasi. Sheria ya 1929 ilimwondolea karani mzigo wa kanuni na wakati huo huo ikajenga juu yake ngazi tatu za watu ambao hawatoona chochote isipokuwa alichoandika. Hati za madai hakuna, wakili hakuna, maelezo ya mashahidi neno kwa neno hakuna. Nusu ukurasa ndiyo kesi. Chini ya utaratibu wa India karani akikosea kuandika, bado kuna hati ya madai, majibu, vielelezo vyenye namba. Kosa moja lina pa kushikwa. Kwa babu, sentensi moja pungufu ilikuwa na uzito wa ng'ombe mmoja papo hapo, na ikamharibia sifa ya kuhesabu mbele ya mtu ambaye ndiye ataamua mengine yote.

Simlaumu sana Bwana Shauri kwa jumla yake. Mimi mwenyewe ningepewa karatasi ile bila kumjua baba yangu, ningejumlisha nikapata 12. Ninachomlaumu ni kitu kingine: angeweza kuwaita. Mwendo wa kutoka bomani hadi kwenye baraza ulikuwa wa siku moja, naye alikuwa akipita huko kukagua kodi. Hakuna kilichomzuia kuuliza ngozi ya tatu ilikuwaje. Uhuru wa kutofungwa na ufundi wa taratibu aliutumia kusoma haraka, hakuutumia kusikiliza.

Kuhusu ng'ombe 4 waliouzwa, hapo alikosea sheria, si hesabu. Babu hakumshtaki mnunuzi barazani. Alimshtaki rafiki yake kwa kuuza mali aliyokabidhiwa. Hilo ni jambo la wenyeji wawili, na baraza lilikuwa na mamlaka kamili ya kumwamuru alipe. Mnunuzi awe Mgogo, Mwarabu au Mhindi, deni la aliyekabidhiwa halibadiliki. Bwana Shauri alichanganya madai mawili: dhidi ya mwuzaji na dhidi ya aliyeshika ng'ombe. Wakili wa mwaka wa kwanza angeliona. Jaji angeliona kabla ya chai. Lakini rufaa ya kutoka kwake ilikuwa inakwenda kwa mkubwa wake wa jimbo, Dodoma, na kutoka hapo kwa mkubwa wa wote, Dar es Salaam. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutofautisha madai. Mahakama Kuu ilikuwepo. Kwa kesi ya babu ilikuwa kama haipo.

Kuna jambo la pesa pia, na wazee hulitaja kwa kukonyezana. Ada na faini za baraza ziliingia hazina ya wenyeji, na mshahara wa mtemi na wa karani ulitoka hazina hiyo hiyo. Bwana Shauri ndiye aliyeikagua. Mtemi alitumika kwa ridhaa ya serikali aliyoiwakilisha Bwana Shauri. Sisemi kwamba baraza la babu lilipinda, kwanza lilimpa haki. Nasema tu kwamba kuanzia aliyesikiliza hadi aliyepokea rufaa ya mwisho, wote walikuwa wafanyakazi wa utawala mmoja. Mwaka 1933 London ilituma tume, ya Bushe, kuchunguza utoaji haki Kenya, Uganda na Tanganyika. Iliangalia jinai tu. Ng'ombe hawakuwa kwenye hadidu zake za rejea.

Kanuni ya 11, na ya 13

Sasa mlango wa pili, yaani mahakama ya wilaya. Kanuni ya 1 ya Amri ya VII ya ile Sheria ya India inataka hati ya madai iseme jina la mahakama, wahusika, mambo yanayounda sababu ya madai na yalitokea lini, kwa nini mahakama ina mamlaka, nafuu inayoombwa, na thamani. Kanuni ya 11 inasema hati isiyoonyesha sababu ya madai ikataliwe. Mwandishi wa nje ya posta, baba aliniambia, aliandika kwa Kiingereza cha kubahatisha, akianza na salamu kwa Mheshimiwa, akaendelea na ukame, urafiki wa miaka mingi, dhuluma, na mwisho akamwomba Mungu amwongoze mheshimiwa. Bei ya ng'ombe hakuandika. Tarehe ya mnada hakuandika. Chini ya kanuni, kukataliwa kulikuwa halali kabisa.

Ila shuka mistari michache kwenye Amri hiyo hiyo. Kanuni ya 13: hati ikikataliwa kwa sababu hizo, mdai hazuiwi kwa hilo tu kuleta hati mpya. Ndani ya kanuni zile zile ngumu kulikuwa na dawa, imechapishwa, inasubiri. Babu angerudi wiki inayofuata na karatasi moja yenye bei na tarehe. Hakuna aliyemwambia. Barua ya mistari minne inataja kukataliwa na haitaji kuleta upya. Akaamini imekwisha, akaikunja, akaiweka kwenye kopo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu mawakili. Wao hunambia kosa la 1929 lilikuwa kufukuza mawakili barazani. Nawauliza: wakili yupi? Miji ya reli ya kati mwaka 1948, na ada yake ingekula ng'ombe wangapi kati ya hao 11? Na kule ambako mawakili waliruhusiwa, kwenye mlango wa pili, babu alifika na mwandishi wa barua, kwa sababu ndiye aliyemmudu. Nawapinga pia wanaotamani baraza la mti lirudi kama lilivyokuwa. Baraza lilimpa babu haki na kuipoteza jioni ile ile karani alipofunga daftari. Mageuzi yaliyohitajika yalikuwa madogo, hayana fahari, hakuna gavana angeyapa jina lake: kumfundisha karani aandike kilichoonekana na kwa nini kimekubaliwa au kukataliwa, na kumlazimisha anayekataa hati aandike chini yake unachoweza kufanya baadaye.

Kifungu cha 24 hakikusaidia upande wowote. Mnunuzi hakuwa mwenyeji lakini babu alikuwa, kwa hiyo kifungu kilihusika waziwazi, nacho kilimtaka Bwana Shauri atazame haki yenyewe. Hakukitaja. Agizo la jumla lisilo na fomu yake, karani wake na muda wake hubaki pambo la ukurasa wa mbele.

Yaliyofuata

Hadithi iliyobaki ni ya kupita haraka. Kwa sheria ya 1951 mabaraza yakaitwa mahakama za mahali, na juu ya ngazi ikawekwa Mahakama Kuu ya Rufaa ya mahakama hizo, nayo si tawi la Mahakama Kuu tunayoijua. Baada ya Uhuru, utemi ukafutwa mwaka 1963, na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huo ikavunja ukuta wa rangi na kuunganisha milango miwili. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1964: mahakama ya mwanzo chini, wilaya katikati, Mahakama Kuu juu, wote chini ya Idara ya Mahakama. Kanuni zake za 1964 ziliruhusu madai ya mdomo yaandikwe mahakamani, na kanuni za ushahidi za mahakama za mwanzo zikasema katika madai inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe mzito kuliko wa mwingine. Mzee wa sikio la ngozi angelielewa hilo bila kufundishwa. Rufaa ndani ya siku 30, kwa hakimu na kwa jaji. Nadhani hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya, na yalifanywa na serikali isiyofikisha miaka mitatu.

Juu hatukugusa sana. Sheria ya India ikabadilishwa mwaka 1966 na Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, namba 49, na ukiiweka kando ya ile ya 1908 utaona ndugu wawili waliovaa nguo tofauti. Kifungu cha 11 cha India kuhusu shauri lililokwishaamuliwa kwetu ni cha 9; cha 151 kuhusu mamlaka ya asili ya mahakama ni cha 95. Amri ya VII kanuni ya 11 haikuhama hata namba. Iliyomkataa babu ndiyo inayonukuliwa mahakamani hadi leo, na kanuni ya 13 bado iko pale pale chini yake, bado wadai wengi wasio na mawakili hawaijui.

Mwaka 2000 Katiba ikaongezewa ile ibara ya 107A ya kutofungwa kupita kiasi na ufundi. Mahakama ya Rufani baadaye ikaeleza kwamba huo ni mwongozo na haufuti kanuni za mwenendo. Mwaka 2018 vikaingizwa vifungu vya 3A na 3B vya lengo kuu: haki, haraka, kwa gharama nafuu. Mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama hadi juu. Hilo la mwisho lingemfaa babu kweli, kwa sababu mwandishi wa nje ya posta Kiswahili alikiweza vizuri sana.

Swali ambalo vijana huniuliza: kesi hii leo ingekuwaje? Barazani, yaani mahakama ya mwanzo, ingesikilizwa karibu vile vile. Rafiki na mnunuzi hawangetenganishwa kwa rangi. Rufaa ingekwenda kwa hakimu wa wilaya, kisha kwa jaji, na kosa la kuchanganya madai mawili lingenaswa. Ngozi ya tatu, hapo sina hakika. Hakimu wa rufaa bado anasoma mwenendo, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya shauri. Mwenendo sasa unachapwa badala ya kuandikwa kwa mkono, lakini mashine huchapa kile alichokiona mwenye kuchapa.

Makarani wapya wakiletwa kwangu kwa siku mbili tatu za kufundishwa, huwa naenda nao na kipande cha ngozi ya mbuzi nilichonunua Majengo. Ina masikio yote mawili. La kulia nimelichana mwenyewe kwa kisu, la kushoto nimeliacha. Nawaambia: mdai anasema mbuzi wake wana mkato sikio la kushoto, mdaiwa anasema huyu ndiye mbuzi wa mdai. Naitandaza mezani, nawapa dakika tano waitazame na kuigusa. Halafu naiondoa, naifunga kwenye mfuko, nawaambia waandike kumbukumbu ya mahakama.

Mara ya mwisho walikuwa tisa. Saba waliandika kwamba ngozi moja imeletwa na imeonekana. Wa nane aliandika rangi yake. Wa tisa, binti mmoja wa Kongwa, hakuwa ameandika kitu. Alinyoosha mkono akaniambia, "Samahani mzee, naomba uirudishe mezani, sikuangalia masikio."